Gia za vitufe kwenye gari la otomatiki: njia nne, na ipi inamfaa nani

Ukifika Kirinyaga Road jijini Nairobi, pale ambapo wengi bado wanapaita Grogan, ukauliza habari za kuweka vitufe vya gia kwenye otomatiki, jibu la kwanza huwa jepesi: "Boss, hizo ni waya mbili tu." Na kwa giaboksi kadhaa za Toyota ni kweli, ni nyaya mbili. Ila kompyuta ya giaboksi haichagui gia tu. Katika giaboksi nyingi inasimamia presha ya oili inayobana klachi za ndani, inakataa gia itakayoichana injini, na imeandaliwa la kufanya waya ukikatika. Ukishika kitufe wewe, baadhi ya kazi hizo hubaki bila mwenyewe. Hapo ndipo njia nne zinazopatikana mjini hutofautiana, kuliko hata kwenye bei.

Tunazungumzia vitufe vya kupandisha na kushusha gia za mbele. Vitufe vya P, R, N na D kama walivyofunga Chrysler kuanzia 1956 hadi 1964 ni mambo mengine: vile vilichukua nafasi ya liva, na gari likaendelea kujichagulia gia.

Kwanza, una giaboksi gani?

Fungua boneti utafute kibati chenye namba ya chesisi. Kwenye Toyota, mstari wa TRANS/AXLE hutaja giaboksi: A340E, A343F na kadhalika. Usimwamini aliyekuuzia gari, wala usiamini alichofungiwa jirani yako mwenye gari la jina lilelile. Fielder mbili zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu zinaweza kuwa na giaboksi tofauti kabisa.

Ukikuta ni CVT, ambayo ndiyo iko kwenye Vitz, Fielder, Axio, Note na Fit nyingi za miaka ya karibuni, jua kwamba ndani hakuna gia za kubadilisha. Kuna mkanda wa chuma na puli mbili zinazopanuka na kubana. "Gia saba" unazoziona kwenye baadhi yake ni hatua zilizoandikwa kwenye programu. Gari la namna hiyo linaweza kutumia njia ya kwanza pekee, tena kama kiwanda kiliiweka. BMW zenye ZF 6HP na Mercedes zenye 722.9 nazo ziko karibu na kundi hilo, kwa sababu kompyuta yao imezama ndani ya giaboksi, kwenye oili, na hakuna pa kukata waya kwa urahisi.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia tumeipima kwa maswali matano. Nani anasimamia presha ya oili? Nini kinazuia kosa la kidole? Ikifeli ukiwa barabarani, unabaki na gia gani? Kazi yenyewe inahitaji nini? Na je, unaweza kulirudisha gari lilivyokuwa siku ya kuliuza? Hatukuweka bei kwa shilingi kwa sababu hubadilika kila kontena likiingia. Tumetaja vifaa, nawe utaulizia.

Njia ya 1: vitufe vinavyoongea na kompyuta ya kiwandani

Kama liva yako ina mlango wa pembeni (nafasi ya kuisukumia kando) wenye alama ya M au S na + na −, kazi kubwa ilishafanywa kiwandani. Chini ya liva kuna swichi ndogo. Katika magari mengi swichi hizo hupeleka waya kwenye bodi (hasi) tu, na kompyuta inasoma ombi la kupanda au kushuka. Ukiunganisha vitufe viwili sambamba na swichi hizo, kompyuta haitajua kama umesukuma liva au umebonyeza usukani. Toyota wenyewe waliuza Altezza na Lexus IS300 zikiwa na vitufe vya gia kwenye usukani, kwa hiyo si jambo geni.

Presha inabaki mikononi mwa kompyuta, na ulinzi pia. Ukiomba gia ya pili ukiwa kasi ya Thika Road, itakataa, nyingine kwa mlio, nyingine kimya. Kitufe kikiharibika gari linarudi kuwa otomatiki ya kawaida.

Kazi ngumu iko kwenye usukani. Ni lazima nyaya zipite kwenye kebo ya mzunguko, ule utepe uliojikunja chini ya usukani unaobeba umeme wa honi na mkoba wa hewa. Tafuta usukani wenye vitufe au vibao vya gia wa modeli ileile pamoja na kebo yake, au tumia njia za utepe zisizo na kazi katika kebo uliyonayo. Chomoa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, na usiweke kamwe mita ya umeme kwenye soketi ya njano: hiyo ni ya mkoba wa hewa. Ukirudisha, magurudumu yatazame mbele na kebo iwe katikati, kwa alama iliyochorwa kwenye kifuniko chake. Wanaosahau hili hukata utepe mara ya kwanza wakikata kona kali kuingia maegeshoni, kisha honi inakufa na taa ya mkoba wa hewa inawaka.

Kuna jambo moja linalowakera wengi baada ya kulipa. Katika Toyota nyingi, S si gia unayoishika. S4 maana yake ni "usipite gia ya nne", na kompyuta bado itazunguka kati ya ya kwanza na ya nne itakavyo. Anayetafuta hisia ya manuali kamili atasikitika. Anayetaka kushikilia gari lisipande gia ovyo mlimani atatosheka.

Njia hii inamfaa mwenye gari la kila siku, hasa likiwa la familia. Kulirudisha ni kuchomoa nyaya tatu.

Njia ya 2: vitufe moja kwa moja kwenye solenoidi

Hii ndiyo "waya mbili" za Grogan. Inafanya kazi kwa otomatiki za gia nne za kizazi cha zamani, na mfano mzuri ni A340E na nduguye A343F, zile za Prado na Surf za injini ya dizeli ya 1KZ. Ndani kuna solenoidi (vali za umeme zinazoelekeza oili) mbili za gia, S1 na S2, na ya tatu ya kufuli la konvata, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Mpangilio wake ni huu: gia ya kwanza, S1 ina umeme na S2 haina, ya pili, zote zina, ya tatu, S2 peke yake, ya nne, hakuna yenye umeme. Angalia vizuri: kila hatua hubadilisha solenoidi moja tu. Ndiyo maana mabadiliko yanaweza kuwa laini hata bila kompyuta.

Presha je? Chungulia kwenye koo la hewa la injini. Kama kuna kebo ya pili inayoshuka hadi giaboksi, basi presha hupandishwa na mguu wako kwa kebo hiyo, na kuiondoa kompyuta kwenye gia hakuigusi. Kebo irekebishwe ili kizuizi chake kiwe milimita 0 hadi 1 kutoka kwenye mfuko wa mpira ukikanyaga mafuta hadi mwisho. Ikilegea, gia huteleza na klachi huungua. Ikikazwa mno, kila gia inapiga teke. Kama kebo hiyo haipo, presha inatawaliwa na solenoidi nyingine, na kompyuta ikigundua hitilafu huenda ikaiachia presha ipande hadi juu kabisa. Gari la hivyo lisifungwe kwa njia hii.

Vifaa ni vichache: vitufe vinne vinavyofungana, vya aina ile ya blenda ambapo ukibonyeza kimoja kingine kinaruka juu, relei mbili za pini 8, dayodi mbili za 1N5404, resista mbili za omu 15, wati 50, fyuzi ya ampea 5, na swichi moja ya kuchagua "kompyuta" au "vitufe". Solenoidi nzima hupima omu 11 hadi 15, kwa hiyo kila moja hula takriban ampea moja. Ukipima ukapata karibu na sifuri au waya mfu, acha hapo: tatizo lako liko ndani ya giaboksi.

Kujua waya upi ni S1, usitegemee rangi. Gusisha taa ndogo ya volti 12 kwenye kila waya, uzilaze mbili juu ya dashibodi, na mtu mwingine aendeshe taratibu kwenye barabara tupu. Gia ya kwanza itawasha taa moja: hiyo ndiyo S1. Ya pili itawasha zote, ya tatu itaacha S2 pekee. Dakika tano, na hakuna kubahatisha.

Sasa relei. Kwa kila solenoidi, mguu mmoja wa kati upokee waya wa kompyuta, na wa pili uende kwenye solenoidi. Relei ikiwa imelala, miguu hiyo miwili inaungana na gari ni la kiwandani. Ikiamka, kompyuta inapelekwa kwenye resista, ambayo inaidanganya kwamba solenoidi bado ipo, na solenoidi inapelekwa kwenye vitufe. Resista zifungwe kwenye chuma cha bodi, kwani kila moja hutoa joto la wati 13 hivi. Ikilazwa juu ya zulia, itaunguza zulia. Kitufe cha 1 kinalisha S1. Cha 3 kinalisha S2. Cha 2 kinalisha zote mbili kupitia dayodi, ili umeme wa kitufe cha 1 usirudi kinyumenyume kufikia S2. Cha 4 hakilishi chochote.

Nunua vitufe ambavyo kimoja huunganisha kabla kingine hakijaachia. Vikiachia kwanza, kati ya gia ya kwanza na ya pili patakuwa na muda usio na umeme, na muda usio na umeme kwa giaboksi hii maana yake ni gia ya nne. Kidole kikisita nusu njia, gari linalegea katikati ya kuovateki lori.

Ulinzi ndio udhaifu mkubwa hapa: haupo. Gia ya kwanza ya A340E ni 2.804 na ya pili 1.531, hivyo kushuka kutoka ya pili hadi ya kwanza huzidisha mzunguko kwa 1.83. Injini ikiwa mizunguko 3,500 kwa dakika na mguu kwenye mafuta, utafika 6,400, na dizeli haivumilii hilo. Wengine huweka kifuniko cha plastiki juu ya kitufe cha 1. Ni wazo zuri kuliko linavyoonekana.

La pili ambalo hakuna anayelisema dukani: liva ikiwa D, gia ya kwanza na ya pili kwenye giaboksi hii hushikwa na klachi za upande mmoja. Ukiachia mafuta, gari linateleza kama baiskeli. Ukiteremka Mai Mahiu umebonyeza 2 ukitarajia breki ya injini, hutaipata. Ni lazima liva nayo ishuke hadi 2, ndipo bendi ya ndani inapokaza. Gia ya tatu haina shida hiyo.

Kufuli la konvata liwekewe swichi yake, na umeme wake ukatwe na swichi ya taa za breki. Ukisahau limefungwa ukasimama, injini itazimika kama manuali uliyotoa mguu kwenye klachi. Usipolifunga kamwe, konvata itaendelea kuteleza safari nzima, oili itachemka na mafuta yataliwa zaidi. Ongeza kipimo cha joto la oili: nyuzi 80 hadi 95 ni kawaida, ikipita 120 pumzisha gari.

Fyuzi ikikatika, ukiwa D utabaki na gia ya nne, ukiwa 2 utapata ya tatu, na L hukupa ya kwanza. Kwa hiyo utafika nyumbani ukiondokea L. Kulirudisha gari ni rahisi iwapo ulikata nyaya mahali pa kufikika na kuzisolda vizuri. Na kwa magari yenye soketi ya OBD2 (ya kusomea makosa ya kompyuta), tarajia taa: kompyuta hulinganisha mzunguko wa injini na wa mhimili wa giaboksi, ikiona gia iliyoagiza haikuingia inaandika kosa, resista au si resista.

Inamfaa mwenye gari la pili, la porini au la majaribio, anayependa kushika chuma mwenyewe. Haimfai anayeazima watu gari.

Njia ya 3: kompyuta huru ya giaboksi

Hapa unanunua kompyuta nyingine, mfano TCI EZ-TCU kwa 4L60E na 4L80E za GM, na kuipa giaboksi yote. Inasoma nafasi ya koo la hewa, kasi ya mhimili wa kutokea na, kwa baadhi, joto la oili. Vitufe vyako huwa maombi, kama katika njia ya 1, ila safari hii gia unaishika kweli kwa sababu wewe ndiye unayeandika sheria: mzunguko wa juu kabisa wa kuruhusu kushuka, presha kwa kila kiwango cha mafuta, kasi ya kufunga konvata.

Presha ndiyo sababu ya kulipia njia hii. Giaboksi zisizo na kebo, na injini zilizoongezewa nguvu kupita kiwanda, haziwezi kuachiwa bahati. Ulinzi ni mzuri kadiri ulivyoandikwa. Hapo ndipo mambo huharibika Nairobi: kifaa huagizwa kutoka Marekani, kinafika, kinafungwa vizuri, halafu hakuna anayekaa na tarakilishi ndani ya gari kwa saa kadhaa akirekebisha namba. Gari likitoka na mipangilio ya boksi, gia zitachelewa au zitapiga. Kabla hujatuma pesa, soma orodha ya giaboksi ambazo kifaa kinazifahamu kwa jina kamili, na umpate atakayekipanga.

Umeme ukikatika, giaboksi nyingi zenye solenoidi ya presha hupanda hadi presha ya juu kabisa na kubaki kwenye gia moja. Utafika, kwa mateke. Kurudisha kunawezekana ukitunza soketi za zamani. Kwa gari ambalo kompyuta zake zote zinazungumza kwenye mtandao mmoja, kuondoa ile ya giaboksi kunaweza kuwasha taa za ABS na kulifunga gari kwenye hali ya dharura. Njia hii ni ya injini zilizohamishwa, magari ya mashindano, na giaboksi iliyofungwa kwenye gari lisilokuwa lake.

Njia ya 4: manuali kamili

Wengi wanaotafuta vitufe kwa kweli wanatafuta klachi. Kwa Prado au Surf ya zamani ukipata nusu gari ya Japani (lililokatwa na kuuzwa kama vipuri) yenye manuali, utahitaji giaboksi na kengele yake (ganda linaloiunganisha na injini), flaiwili, klachi pleti na presha pleti, beringi ya mwisho wa krenki, pedali, silinda mbili za klachi, boriti ya kushikilia giaboksi na propela ya urefu unaofaa. Nunua vyote kutoka gari moja linalovunjwa. Ukiokoteza kimoja kimoja, propela itakosa sentimita chache na utairudisha karakana mara tatu.

Presha ya oili haihusiki tena. Ulinzi ni mguu wako. Barabarani hufeli kwa namna ambayo kila fundi kuanzia Kariobangi hadi Namanga anaijua. Kurudisha gari lilivyokuwa sahau.

Ipi, kwa hali ipi

Unakwama Mombasa Road asubuhi na jioni, na gari lina mlango wa M au S: njia ya 1, au usifanye chochote na utumie liva uliyonayo. Kitufe cha O/D (ovadraivu, yaani gia ya nne) kikizimwa tayari kinalizuia gari lisipite gia ya tatu kwenye otomatiki ya gia nne, bila senti moja.

Una Surf yenye kebo ya presha, unaitumia wikendi, na unaweza kusolda: njia ya 2, ukiwa na kipimo cha joto na swichi ya kurudi kwenye kompyuta mahali ambapo mwingine akiendesha ataiona.

Injini imehamishwa au ina tabo kubwa kuliko ya kiwanda: njia ya 3, na bajeti ya mpangaji iwe ndani tangu siku ya kwanza.

Gari ni CVT na halikutoka na hatua za kiwandani: uza ununue lenye vibao vya gia. Itakugharimu kidogo kuliko kumsikiliza anayedai anaweza.

Kwa njia ya 2, 3 na 4, mwandikie wakala wa bima kabla ya kazi, ubaki na nakala.

Na ukichomoa kijiti cha oili ya gia ukakuta nyeusi, yenye harufu ya kuungua, weka vitufe kando. Klachi za ndani zimeshaanza kuisha, na kitufe kitazimaliza haraka zaidi. Hapo ulinganisho unabadilika kuwa kati ya kufungua otomatiki na kuitengeneza upya, au kuchukua pesa hizohizo ukatafute nusu gari yenye pedali tatu.